Siku Niliyomwomba Mama Neema Anishitaki

Ngiling', kimya kidogo, kisha ngili. Hivyo ndivyo ilivyolia kengele ya mlango wa duka letu la bima pale Tottenham. Mlio wa kwanza ni wa mteja kuingia, wa pili ni wa mlango kujirudi wenyewe, maana ulikuwa mzito na bawaba zake za zamani. Mzee Kanji, mwenye duka, alidai anajua kwa mlio tu nani kaingia na shida yake ni ipi. Ngiling' ya haraka ni dereva aliyesimamishwa na polisi. Ngiling' ya pole ni mtu aliyeibiwa. Nilikuwa namcheka. Nikamcheka mpaka siku kengele ilipolia pole sana, nikainua kichwa, nikamwona Mama Neema kasimama na kilemba chake, hana hata mkoba mkononi.

Nitafika huko. Kwanza niwaambie nilivyoingia kwenye kazi hii, kwa sababu ninyi wanangu mnaoianza leo mnakuta kila kitu kimeshapangwa, mnadhani kilianguka hivyo hivyo kutoka mbinguni. Na najua wengine mtasomewa haya na mama zenu, halafu mtajibu kwa Kiingereza. Hewala, mradi mmesikia.

Miaka ya tisini nilikuwa msichana wa Tanga niliyeishia kidato cha pili. Alfajiri nafagia maofisi ya watu huku ugenini, mchana naota ndoto. Ndoto zangu zilikuwa na rangi kabisa: nilishaliona duka langu mwenyewe, kibao cha kijani, jina Roza kwa herufi za kulalia upande. Duka la nini, hilo sikujua. Siku moja nikaona tangazo dirishani kwa Mzee Kanji, nikaingia.

Mzee Kanji alikuwa Mhindi wa Kisumu, anakaa Kenton, upande mwingine wa jiji, na kila asubuhi alikuja na chai yake kwenye thamosi kwa sababu hakuiamini chai ya Tottenham. Aliniajiri kwa sababu moja tu: nusu ya wateja wake waliingia wakipiga hodi.

"Mimi Kiswahili changu cha dukani," aliniambia. "Kinauza sukari. Bima inataka Kiswahili cha kubembeleza."

Nikabembeleza. Wiki ya kwanza akaja kaka mmoja wa Mombasa kutaka bima ya nyumba, nami nikaanza kama nilivyoelekezwa na kijitabu: "Kaka, nyumba yako ikiungua moto..." Yule bwana akasimama. "Dada, nimekukosea nini?" Kengele ikalia, kaenda zake. Mzee Kanji akachungulia kutoka nyuma.

"Binti, umeshamchomea mtu nyumba hajaketi vizuri!"

Tangu siku hiyo nikajifunza, nanyi jifunzeni: kwa watu wetu usimpe mtu balaa lake mkononi. Sema "moto ukitokea mahali", sema "Mungu apishe mbali" wewe kabla hajasema yeye, halafu endelea. Hilo hakuna mtihani unaolifundisha.

Siku hizo serikali iliziangalia kampuni kubwa za bima, zile zenye majengo ya vioo kule mjini, zisije zikachukua fedha za watu zikafilisika. Na sheria ilimlazimisha kila mwenye gari kuwa na thadi pati, ile bima ya kumlipa utakayemgonga. Lakini sisi madalali wadogo, tuliokaa katikati ya mteja na kampuni, tulisimamiana wenyewe kwa wenyewe, kwa vyama na kwa kuoneana haya. Mtu angeweza kukodi chumba, akaweka simu na viti, akaanza kuuza bima. Wengine walikuwa waungwana. Wengine walikula ada za watu, na mwenye gari akaja kujua hana bima siku aliyogonga.

Halafu, katikati ya miaka ya elfu mbili, serikali ikasema basi. Hata duka la kichochoroni lazima lipate kibali kwa msimamizi wa serikali. Fedha za wateja zikae mbali na za duka. Wafanyakazi tupimwe kama tunajua tunachokiuza. Mwenye duka athibitishe kuwa ni mtu anayefaa.

Mzee Kanji aliumia. "Miaka yote hii, leo naulizwa kama mimi mwaminifu. Nijibu nini? Wamuulize mke wangu?" Rafiki yake mmoja kule Kenton alifunga duka la bima, akaanza kuuza vitambaa. Mzee hakufunga. Alinung'unika kila siku, na kila siku akatii. "Serikali sasa inalala ndani ya droo yangu," alikuwa akisema, huku anaipanga ile droo.

Mimi nilipimwa, nikatetemeka, nikapita. Nikatembea Tottenham nzima kama bibi harusi. Naomba muikumbuke furaha hiyo, maana yanayofuata yanaanzia hapo hapo.

Kati ya mambo yote mapya, mawili yalinishangaza. La kwanza, ilibidi tumwambie kila mteja waziwazi namna ya kutulalamikia sisi wenyewe, na kwamba asiporidhika na jibu letu anaweza kwenda bure kwa msuluhishi asiye upande wetu. La pili, duka lenyewe lilitakiwa kuwa na bima ya makosa yake. Dalali akikosea mteja akaumia, bima ya dalali ilipe. Nilimwambia Mzee Kanji, kumbe hata kinyozi ananyolewa. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Sasa Mama Neema.

Alikuwa Mkongo wa Uvira, tunasali kanisa moja. Fundi wa kushona. Kitenge cha harusi, sare za kwaya, suruali ya mchungaji ikichanika, yote yalipita kwenye cherehani zake mbili, alizoziweka sebuleni kwenye nyumba ya kaunsili, ya kupanga kwa serikali ya mtaa. Zilikuwa za umeme, nzito, za kiwandani, alizipata kwa kusafisha hospitali miaka mingi. Siku aliponunua ya pili aliacha kusafisha. Kwa hiyo mkisikia cherehani, msifikirie chombo cha kupitishia muda. Zile zilikuwa kodi, chakula, na ada ya binti yake Neema chuoni.

Na nyumba yake ilikuwa mlango wazi. Kila mtu aliyefika kutoka kule kwao hana pa kulala, kanisa lilimpeleka kwa Mama Neema. Mwaka ule walikuwapo vijana wawili na dada mmoja.

Nilikwenda mwenyewe kumwandikia bima ya vitu vya ndani, Jumamosi, kwa furaha ya mtu aliyepita mtihani. Tulikula sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. Kijana mmojawapo akaniletea chai, nikamwambia, "Asante mdogo wangu." Magodoro yalikuwa yamesimamishwa ukutani. Nikafika kwenye swali la watu wanaoishi ndani.

"Mama, una wapangaji?"

"Mpangaji? Mi sina. Niko na wageni."

"Wanalipa?"

"Mgeni analipa? Roza, ulilelewa wapi, wewe?"

Tukacheka wote, na kijana wa chai naye akacheka. Nikaandika hakuna. Sikudanganya, na yeye hakudanganya. Kwetu mgeni haishi nyumbani mwa mtu, anapita tu. Hata kama anapita mwaka wa pili sasa, na ana ufunguo wake, na anajua sufuria ipi haina mfuniko.

Muda ukapita, ndipo kengele ikalia ile ngiling' ya pole.

"Mashini zimeenda," alisema Mama Neema. Akakaa. "Zote. Nilikuwa kanisani."

"Wamevunja mlango?"

"Mlango ni mzima."

"Dirisha?"

"Ni zima." Akaangalia mikono yake. "Mgeni mmoja hakurudi. Usiniulize jina."

Sikumwuliza. Wala hakulitaja hata kwa polisi; alisema hajui, na kwa kweli alikuwa hajui, alikuwa anahisi tu, na kwake kumhisi mtu aliyemlisha ilikuwa fedheha yake yeye mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kupata baridi. Kwenye ile bima, kama nyumba ina watu wengine wasio wa familia, wizi haulipwi isipokuwa mwizi amevunja na kuingia. Nilikuwa nimeusoma mstari huo. Hata kwenye mtihani niliujibu sawasawa.

Mama Neema akainama mezani. "Shemasi ananiambia nivunje kioo cha nyuma, kidogo tu. Nivunje?"

Mzee Kanji aliacha kuandika. Nikasema, "Hapana, mama. Usivunje."

"Na mimi nilimwambia hivyo. Kioo hakijanikosea kitu."

Kampuni ilikataa madai yake, kwa adabu sana. Hakuna dalili ya kuvunja, na ndani mna watu ambao hawakuambiwa. Nilimsomea jibu hilo kwa Kiswahili, nikitafuta maneno laini, na hakuna maneno laini. Kisha nikafanya kama sheria inavyotaka: nikamweleza namna ya kulalamika.

"Nimlalamikie nani?"

"Sisi, mama. Mimi. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya."

Alicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko kofi. "Wewe? Uliyekula sombe yangu? Nikupeleke kwa serikali, halafu Jumapili tukae benchi moja?"

"Duka lina bima yake. Hatutafunga. Ukilalamika, ile bima ndiyo italipa."

"Mna bima ya kukosea?"

"Ndiyo."

"Basi mlijua mtakosea," akasema, akainuka, akanishika bega kama mtu anayemfariji mfiwa. Kesho yake akamtuma Neema na hotpoti ya sombe, bado ya moto, ili nisihuzunike. Nilikula nyuma ya duka nimegeukia ukuta.

Mzee Kanji alikuwa na neno lake. "Tumempa karatasi. Tumemsomea. Yeye mwenyewe amekataa. Kisheria tumemaliza." Akafungua thamosi, akamimina, hakunywa. Nilijua anachohofu. Malalamiko yangemletea maswali ya msimamizi, na bima ya duka ingepanda bei. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetaka sana niseme "haya".

Nami karibu niseme. Hilo ndilo ninalotaka mlijue, ninyi mnaosoma masharti kwa sauti na kumwekea mteja alama ya kutia sahihi. Unaweza kufuata kila mstari, na mtu akabaki hana kitu mbele yako, na wewe ukaenda nyumbani saa ya kawaida na basi lako la kawaida.

Kanisani hakuna aliyeninyooshea kidole. Waliniita "dada wa bima" kama zamani. Lakini sare mpya za kwaya zilikuwa zimechelewa, na kila nilipoziona zile za zamani zilizopauka, nilitamani benchi linimeze. Mama Neema alirudi kusafisha hospitali. Kibao changu cha kijani kilikuja ndotoni mara moja hivi, nikakipa kisogo.

Nikaenda kwake tena Jumamosi. Alikuwa amekaa chini ya dirisha, anashona gauni la bibi harusi kwa sindano ya mkono. Kitambaa kirefu, mshono baada ya mshono, na vidole vimefungwa plasta. Pale zilipokuwa cherehani, zulia lilikuwa limebaki na alama za miguu ya meza.

"Karibu, Roza. Keti. Utakula?"

"Sili, mama. Nimekuja ili unilalamikie."

"Umeanza tena."

"Sema tu kwa mdomo. Sema hukupenda nilivyofanya."

"Nilikupenda, ulifanya vizuri."

"Mama, sikufanya vizuri."

"Roza, usinichoshe."

"Nitakuja kila Jumamosi nikuchoshe."

Akaiweka sindano chini. Sijui kama mmewahi kumwona mtu mpole akikasirika. Hapandishi sauti, inashuka.

"Ulikaa kiti hicho hicho," akasema. Ninakinyoosha kidogo Kiswahili chake, lakini maneno ni yake. "Yule kijana akakupa chai, ukamwita mdogo wangu. Magodoro uliyaona. Mimi sijui kampuni inataka kujua nini. Mimi najua kushona. Wewe ndiye ulijua. Mtu anakuja na suruali kwangu, mimi namwambia kitambaa hiki kitaruka kikifuliwa, hata kama anakipenda, namwambia! Wewe ulijua, ukacheka na mimi. Kwa nini ulicheka?"

Nilikuwa nimecheka kwa sababu nilikuwa nimeshiba, nimepita mtihani, na nilimpenda. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomsaidia.

"Umefurahi sasa?" akauliza. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Nimesikia, mama. Hayo ndiyo malalamiko."

"Toka kwangu."

Nyumba ile haikuwahi kumfukuza mtu. Watu waliofika bila viatu, bila jina, walikaribishwa. Mimi ndiye wa kwanza kuonyeshwa mlango. Niliteremka ngazi, na kituo cha basi nikakipita bila kukiona.

Jumatatu nilimweleza Mzee Kanji kila neno. Alisikiliza amekunja mikono.

"Alisema hivyo yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa hasira?"

"Kwa hasira, Mzee. Akanifukuza."

Akatazama droo yake, ile inamolala serikali. Kwenye kanuni mpya malalamiko hayakuhitaji karatasi wala sahihi. Mteja akinung'unika kwa mdomo mbele yako, umeshalalamikiwa. Mzee alilijua hilo kuliko mimi, na angeweza kujifanya hakulijua, maana tulikuwa wawili tu mle ndani.

"Basi mdomo unatosha," akasema. Akavaa koti lake, dukani humo humo, akafunga vifungo vyote, ndipo akainua simu kuwaarifu wenye bima ya duka. Alizungumza amesimama, kama mtu aliye msibani. Alipomaliza akaniambia, "Mwandikie jibu Mama Neema, kwamba kosa ni la duka hili. Andika la duka hili. Usiandike lako."

Haikuwa haraka. Walituuliza maswali mengi, na nikajibu mengi yenye kuniaibisha: ndiyo, niliwaona, ndiyo, nilikula nao, hapana, sikueleza maana yake. Mwishowe wakalipa. Mama Neema akanunua cherehani mbili za aina ile ile. Alipokuja kuandika bima mpya, aliandikiwa na Mzee Kanji, na wageni wote wakatajwa. Nilikuwa chumba cha nyuma, napanga mafaili yaliyokuwa yamepangwa.

Duka langu la kijani sikulifungua. Nilibaki kwa Mzee Kanji mpaka alipostaafu, na baada yake kwa mwingine. Lakini kuanzia mwaka ule sikumwuliza mtu tena kama ana wapangaji. Niliuliza: ufunguo wa mlango wako uko mikononi mwa nani? Jana nani alilala kwako? Hapo mtu wetu anahesabu kwa vidole bila kuona haya, binamu, mtoto wa jirani, yule wa kanisani aliyekuja kwa wiki moja. Unamsikiliza, kisha unamweleza kitambaa kipi kitaruka, hata kama anakipenda. Mteja akikucheka, mwache acheke peke yake. Wewe maliza kueleza kwanza.

Tulipokutana kanisani Mama Neema alinisalimia, nami niliitikia nikiangalia kilemba chake. Ile hotpoti yake ilikuwa bado kwangu. Niliiosha, nikaipanga rafu ya juu, nikaishusha, nikaiosha tena. Kuirudisha tupu singeweza, na kila nilichofikiria kupika kilionekana kidogo.

Jumamosi moja nikaamka nikapika mkate wa kumimina, ule wa kwetu Tanga, wa iliki. Wa kwanza ukaungua chini. Wa pili ukakubali. Nikaufunga ndani ya hotpoti, nikapanda basi nimeipakata.

Kwenye ngazi za nyumba yake nilisikia cherehani. Nikasimama. Zilikuwa zinalia mbili kwa pamoja, moja ya haraka na hakika, nyingine inasita, inaanza, inasita tena, kama mkono wa mtu anayefundishwa. Neema alikuwa chuoni. Kwa hiyo alikuwepo mgeni.

Nilifika mlangoni. Kidole kilikwenda hadi kwenye kengele, kikakaa pale, kikarudi. Nikainama, nikaiweka hotpoti kwenye zulia la kupangusia miguu, nikakigeuza kishikio chake kielekee ndani, upande wa mkono wa mtu atakayefungua, nikashuka ngazi taratibu nisije nikasikika.